Kimya Kati ya Panda na Shuka

Damu ya Kisinza ilikuwa imekwisha kukauka sakafuni mwa chumba cha winchi, na kwa kuwa hakuna aliyepewa kazi ya kuisugua, watu walijifunza kuivuka. Kamanda Rweyongeza aliivuka bila kuitazama. Fundi Nyamizi aliivuka akiitazama. Asubuhi ile hapakuwa na tofauti nyingine yoyote iliyoonekana kati yao.

Hadi jana yake, Kisinza alikuwa mshika breki wa Shimo la Kisumbi, mwaka wake wa ishirini na mbili. Walinzi sita walipokuwa wakiteremshwa kwenda kuwatia adabu wafungaji wa mawe waliogoma kule chini, alikisimamisha kizimba chao kwenye kina cha mita mia sita, akawaacha wakining'inia gizani, akakunja mikono kifuani. Kamanda alimwamuru mara moja tu. Kisha alimpiga risasi ya shingo, akaagiza springi za breki zikatwe kwa msumeno wa umeme ili asitokee mwingine wa kuzitumia, na walinzi wakaendelea na safari yao wakiwa wameshikwa na mota peke yake. Kule chini waliua watu kumi na mmoja, wakarudi kabla chakula cha mchana hakijapoa.

Leo walinzi waliojipanga uani walikuwa arobaini na watatu.

Kupitia dirishani Nyamizi aliyaona mawe yaliyosalia juu ya jukwaa la shimo kubwa la mawe: matatu. Siku ya kawaida yangekuwa arobaini, kila moja zito kama nyumba, yamepandishwa kwa umeme wa jua la mchana yakisubiri kushuka jioni na kuwasha mji. Lakini mawe hayajifungi yenyewe kwenye minyororo. Wafungaji mia tatu na kumi na wawili waliokuwa chini, mita elfu moja na mia nane, walikuwa wameiweka minyororo chini tangu siku ile Mamlaka ya Uzani ilipotangaza kwamba zamu yao ya siku sitini, ambayo tayari ilikuwa imefika siku mia mbili na kumi, itaendelea hadi itakapotangazwa vinginevyo. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitaalamu: kumpandisha mtu hula umeme, na mtu, tofauti na jiwe, hataki kushushwa tena.

"Panda," Kamanda alisoma. Alikuwa amesimama mbele ya makabati mawili ya chuma yaliyopakana ukutani, kila moja lina kibandiko cheupe na taa yake. "Na Shuka. Nani aliandika?"

"Mimi, afande."

"Mafundi kwa kawaida mnapenda maneno ya kuvunja ulimi. Hapa ulitenda wema."



Ndani ya kila kabati mlikuwa na kigeuzi kimoja: milango sita ya silikoni inayopitisha mkondo wa umeme upande mmoja tu, mithili ya mgono ambao samaki huingia na asitoke. Migono hiyo miwili ilitegwa ikitazamana, na mota ya winchi ilikuwa katikati. Mkondo ukipitia kigeuzi cha kwanza, mota ilivuta kamba ya waya kwenda juu. Ukipitia cha pili, ilivuta kwenda chini. Vyote viwili havikufunguka kamwe kwa pamoja, kwa maana umeme wa mji ungejikuta umekutana na nafsi yake ndani ya makabati, na chumba chote kingeungua. Kwa hiyo, kila ilipobidi kubadili, mashine ilifunga kigeuzi kimoja, ikangoja tone la mwisho la mkondo likauke, ndipo ikafungua cha pili. Kungoja huko kulichukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Mafundi waliupa muda huo jina la kimya.

"Nisikilize," Kamanda alisema. "Nitashuka na vijana wangu mwenyewe. Sitaki mtu wa chini akiteke kizimba na kupanda nacho wakati sisi tunapigana. Wala sitaki mtu wa juu, nawe umo, anivute nyuma nikiwa njiani. Kwa hiyo utaizima Panda. Shuka ibaki. Kazi ikiisha, nitatoa amri kwa redio, ndipo Panda iwashwe."

Nyamizi alimtazama. Alitafuta usoni pake dalili ya mzaha, akakuta uso wa mtu aliyefikiri vizuri, kwa utaratibu, kutoka mwanzo uliokosewa.

Kwa maana majina yale yalikuwa uongo. Miaka kumi na tisa iliyopita, wakaguzi wa Mamlaka walimwomba maneno mawili watakayoweza kuyakumbuka hadi baada ya chakula, naye akawapa. Kigeuzi hakijui kupanda wala kushuka. Kinajua kamba inavutwa kwenda wapi. Kizimba kizito hushuka chenyewe, kama mlevi kwenye ngazi, na kumteremsha mlevi salama ni kumvuta kwenda juu kila hatua ya njia. Anayefanya hivyo ni Panda: hushika uzito, huchagua nukta katika wimbi la umeme ambapo badala ya kupokea hutoa, na nguvu za mzigo hurudi mjini zikiwa mwanga. Kizimba chepesi ni kinyume chake. Ncha ya pili ya kamba ilifungwa chuma cha mizani, na kizimba kikiwa na watu wachache huwa chepesi kuliko chuma hicho. Hapo hakitaki kushuka, hadi Shuka ikisukume, na wakati wa kurudi ni Shuka hiyo hiyo inayokizuia kisirushwe juu. Majina ya haki yangekuwa Zito na Nyepesi. Mwanafunzi wa mwezi wa pili aliyajua hayo, kwa sababu katika mwezi wa kwanza alidanganywa.

"Jana," Kamanda aliendelea, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutoa ushahidi, "nilisimama hapa hapa vijana sita wakiteremka. Taa ya Shuka ilikuwa inawaka. Ya Panda imezimika. Niliona kwa macho yangu."

Aliona kweli. Kisha alikwenda kwenye mdomo wa shimo kuwapokea, na hakuwapo kuona taa ile ile ya Shuka ikiwaka wakati wa kupanda. Alishuhudia nusu ya jaribio, na nusu ya jaribio huua watu wengi kuliko ujinga mzima, maana mjinga huuliza.

"Afande," Nyamizi alisema, "kizimba kitakuwa na uzito gani?"

Hilo ndilo swali ambalo lingemfanya mtu mwangalifu asite. Alilitoa kwa sauti ya kawaida, akaliacha hewani.

"Wanaume arobaini na wanne pamoja nami, bunduki kubwa ya miguu mitatu na masanduku yake. Kwani winchi yako inachagua abiria?"

"Haichagui, afande. Inauliza uzito tu."

"Basi iambie ni uzito wa sheria."

Koplo Mtweve, mtu mnene aliyekabidhiwa chumba cha winchi, alicheka kwa sababu ya cheo cha Kamanda. Nyamizi aliinama akaandika uzito katika kitabu cha safari, kama utaratibu ulivyotaka.

*

Simu ya shimoni ilikuwa ya waya, nzito, ya kijani. Kamanda alitaka wafungaji wapewe nafasi ya mwisho ya kusalimu amri, akashika kisikilizio cha pili sikioni.

"Mnyamwezi," ilisema sauti ya Chilewa, msemaji wa wafungaji, "bado unawabebea watu mizigo?"

"Mgogo. Bado unaomba?"

"Safari hii sikuomba, nimedai. Ndiyo maana wameniletea risasi badala ya mahindi." Alikohoa. Vumbi la kule chini lilikuwa limeshakaa kifuani mwake kama mpangaji. "Tumewalaza kumi na mmoja wetu hapa mlangoni pa kizimba. Atakayeshuka atawakanyaga kwanza. Wanakuja wangapi, mtani?"

Kamanda alitikisa kichwa.

"Wanataka mtoke mikono juu," Nyamizi alisema.

"Watoke wao kwanza. Sisi tuna nyundo za minyororo na mia tatu wasio na cha kupoteza. Wakishuka sita tutakula wote sita. Wakishuka wengi, tutakufa, lakini hawatapata wa kufunga mawe."

"Chilewa. Ondokeni mlangoni."

Upande wa pili kikohozi kilirudi.

"Wote," Nyamizi aliendelea. "Nendeni ndani kabisa, ghala la minyororo, mfunge mlango wa chuma. Usiache mtu hapo. Usiache hata maiti."

"Unaniambia nikimbie, mtani? Wewe?"

"Nakuambia mlango uwe mtupu."

Kamanda aliinua kidole gumba. Mlango mtupu ulimfaa; vijana wake wangetua bila nyundo vichwani, kisha wangewakuta wafungaji wamejirundika wenyewe ndani ya chumba kimoja.

"Maiti ni nzito, Mnyamwezi," Chilewa alisema. "Lakini nimekusikia."

*

Njia ya kwenda kwenye kizimba ilipita ndani ya chumba cha winchi, kati ya kiti cha fundi na makabati. Walinzi walipita mmoja mmoja, ngao mgongoni. Walikuwa vijana wa Kisumbi; wengine aliwajua mitaa yao kwa lafudhi. Walikuwa wanakwenda kuua watu wasio na bunduki ndani ya chumba kisicho na mlango wa nyuma, na kila mmoja, alipofika mbele ya mwanamke aliyemzidi umri, alipunguza mwendo kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Aliitikia mara arobaini na tatu. Hakuna aliyempita kimya, na hakumwona hata mmoja wa kumchukia kwa urahisi.

Alijaribu hesabu. Mia tatu na kumi na wawili upande huu, arobaini na wanne upande ule. Mtoto wa darasa la pili angejua mizani inaelemea wapi. Lakini ilikuwa hesabu ya namna hiyo hiyo, safi, yenye desimali, iliyowaacha watu chini kwa siku mia mbili na kumi, naye hakuona kwa haki gani angeikopa leo kwa kuwa jibu lilimpendeza. Angeweza kusema. Sentensi moja ilitosha: *afande, majina ni ya uongo, mkizima Panda mtaanguka.* Angeaminiwa au asingeaminiwa. Akiaminiwa, saa moja baadaye Chilewa angekuwa amekufa, na fundi Nyamizi angekuwa msema kweli. Akinyamaza, angekuwa muuaji aliyetii amri neno kwa neno. Aliupekua moyo wake akitafuta njia ya tatu, kwa bidii ya mtu anayetafuta funguo mfukoni huku akijua ameziacha nyumbani.

Kamanda alikuwa wa mwisho. Hakumwamkia.

"Koplo," alisema, "simama kwenye mkono wa swichi ya Panda. Fundi akiugusa kabla sijaamuru, mpige."

"Sawa, afande."

"Zima."

Nyamizi aliuvuta mkono wa swichi ya Panda hadi chini. Ulishuka kwa ulaini wa kitu kilichotunzwa.

*

Kizimba kilikuwa kimekaa juu ya pini nne za chuma kwenye mdomo wa shimo. Pini zilipotolewa, Shuka iliwaka na kusukuma, kama ilivyofundishwa kuanza kila safari, na kizimba kikaondoka taratibu. Kisha uzito ukajitambua. Mashine ilihisi kamba inakimbia mbele ya mota, ikaelewa kwamba sasa haipaswi kusukuma bali kushika. Ikafunga Shuka. Ikangoja tone la mwisho la mkondo likauke. Ikamwita Panda.

Panda hakuitika.

Taa zote mbili zilikuwa zimezimika. Kimya cha sehemu moja ya mia ya sekunde kilitimia, kikapita, kikaendelea.

Nyamizi alijua muda wake. Hadi mwendo wa mita kumi na tano kwa sekunde, Panda ikiwashwa ingeweza kuukamata mzigo. Zaidi ya hapo volteji ya mota ingeishinda ile ya mji, milango ya silikoni isingeweza kujifunga, fyuzi zingelipuka, na kusingekuwa na kitu kinachoshikwa na kitu. Kwa uzito ule, zilikuwa sekunde kumi.

Moja. Mbili. Sindano ya mwendo iliinuka bila haraka.

"Fundi," redio ilisema, "jana pia ilikuwa kasi hii?"

Tatu. Nne.

"Fundi. Jibu."

Tano. Nyuma ya sauti ya Kamanda alisikia mtu mwingine akiita jina la Mungu, si kwa hofu bado, kwa mshangao tu.

Katika sekunde ya sita mkono wake wa kulia uliondoka mezani. Hakuwa ameutuma. Miaka kumi na tisa mkono ule ulikuwa ukiona sindano ikipanda na ukienda pale. Haukuuliza ni nani aliyemo ndani ya kizimba, kwa kuwa haukuwahi kuhitaji kuuliza. Ulifika kwenye swichi ya Panda, vidole vikafunga, na ulikuwa umeanza kuuinua ule mkono wa chuma Koplo Mtweve aliposhusha kitako cha bunduki.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika kwa sauti ya kijiti kikavu. Koplo alimpiga tena, begani, kisha mdomoni, naye akaanguka kati ya kiti na kabati, meno mawili yakiwa yamelegea ulimini.

"Usiguse," Koplo alisema, akihema. "Nimeambiwa usiguse."

Nane. Angeweza kusema bado. Damu ilimjaa mdomoni, na hilo lingekuwa udhuru mzuri mbele ya mahakama yoyote. Lakini mdomo wenye damu husema. Jana alimsikia Kisinza akisema, na risasi shingoni. Tisa. Kumi.

"Wanaanguka," alisema katika sekunde ya kumi na moja.

Koplo alitazama sindano. Redio ilikuwa imejaa sauti ambazo hazikuwa maneno tena. Aliruka, akainua swichi ya Panda kwa mikono miwili. Ndani ya kabati fyuzi zilipasuka moja baada ya nyingine, sita, mlango wa kabati ukatoka na kumpiga kifuani, na moshi ukajaa.

"Koplo," Nyamizi alisema. "Kwenye ncha ya pili ya kamba kuna chuma cha mizani. Hao wanashuka, chenyewe kinapanda, kwa mwendo ule ule. Kitatoka hapo juu yetu."

"Lini?"

"Nusu dakika."

Koplo alimburuta nje. Huenda ni kwa sababu alikuwa amekabidhiwa kumlinda, na hakuna aliyemwambia amwache. Walikuwa wamevuka uwanja, wameanguka nyuma ya jukwaa la mawe, chuma cha mizani kilipotoka shimoni kama risasi inayotoka kwenye mtutu, kikang'oa mnara uliobeba kamba, kikapaa juu pamoja na vipande vyake, kikarudi juu ya chumba cha winchi na kukilaza chini. Kamba ya waya ilifuata ikichapa. Ilimkata mlinzi wa geti vipande viwili. Mtetemo mwingine, wa kizimba kilichogonga chini, ulifika baadaye kidogo, kupitia miguuni.

*

Vumbi lilipotulia, Koplo Mtweve alikuwa ameketi juu ya tofali, bunduki mapajani, kamba za viatu zimefunguka.

"Mama," alisema. "Ule mkono. Ulikuwa unakwenda kuwasha?"

Nyamizi alitema damu. Palikuwa na jibu ambalo mtu huyu angeweza kulala nalo, na lilikuwa fupi. Majibu ya namna hiyo alikuwa ameyaandika kwenye vibandiko.

"Ulikuwa unakwenda kuwasha."

"Ningekuacha, wangepona."

"Wangepona. Wangefika chini, wangefanya walichotumwa."

Koplo aliinama, akaanza kufunga kamba za kiatu, akaziacha. "Mdogo wangu alikuwa mstari wa pili," alisema. "Amekuamkia."

"Wote waliniamkia."

"Na wewe ulijua? Kabla ya mkono?"

"Nilijua tangu Kamanda aliposoma vibandiko. Mkono haukujua."

Koplo alisimama, akakoki bunduki, akamwelekezea mtutu usoni. Nyamizi aliuangalia kama anavyoangalia kipimo.

"Kule nyuma ya ghala la hapa juu kuna tundu la hewa," alisema. "Lina ngazi hadi chini. Kamanda alikifunga kifuniko siku ya kwanza ya mgomo. Feni zilikuwa zinaendeshwa kutoka chumba cha winchi, na chumba cha winchi sasa unakiona. Kifuniko kisipofunguliwa, mchana huu hewa yao itaisha. Gurudumu lake ni zito, linataka mikono mitatu au minne. Mimi nina mmoja."

"Unaniomba mimi."

"Hakuna mwingine."

Koplo aliushusha mtutu hadi kifuani, akauinua tena, akaushusha. Mwishowe alitembea, naye Nyamizi akatangulia, na njia nzima alisikia bunduki ikigonga kifungo cha mkanda wa mwenziwe nyuma yake. Kifuniko kilikuwa palepale, chuma kizima, kimefunikwa vumbi jipya.

"Kikifunguka nitakupiga risasi," Koplo alisema.

"Sawa," Nyamizi alisema, akaupachika mkono wake mzima kwenye gurudumu. "Shika upande ule."